Punda Waliostaafu

Waswahili husema asante ya punda ni mateke. Nimeishi na punda kwa miaka ishirini sasa, na katika muda wote huo nimepigwa teke mara mbili tu, tena mara zote mbili dawa ilikuwa inaingia katika kidonda. Katika miaka yangu ya ualimu nilipigwa mateke zaidi ya hayo, na walionipiga hawakuwa na vidonda. Nalitanguliza hili ili msomaji ajue tangu mwanzo kwamba mwenye kuandika anawapenda wanyama hawa, na kama ana upendeleo, basi apimwe kwa kadiri hiyo.

Wageni wakisikia kwamba kisiwani Mafia kuna bibi mwenye punda wasiofanya kazi, swali lao la kwanza huwa ni kama huo ni mradi, na mfadhili wake ni nani. Si mradi. Hakuna kibao barabarani wala mhuri wala kitabu cha wageni. Ni shamba la minazi la ekari tatu, kaskazini ya Kilindoni, njia ya kwendea Kirongwe, nililoachiwa na marehemu baba yangu. Lina kisima kisichokauka, mikorosho michache iliyozeeka, na banda la makuti lenye sakafu ya changarawe. Humo wanaishi punda wanne. Wakati wa wingi walipata kuwa saba. Kila mmoja alifika kwa njia yake, lakini sababu ilikuwa moja: aliyekuwa akimtumia hakuwa na kazi naye tena.

Punda si mnyama wa kila mtaa kwetu, kama alivyo Lamu. Waliokuja Mafia waliletwa kwa mashua, mmoja mmoja, na mtu mwenye mbata za kubeba au mchanga wa kusomba. Na farasi ndiyo kabisa, kwetu ni jina la vitabuni. Pwani yetu hii ya joto na unyevu haikumpenda. Kuna maradhi ya farasi yanayoenezwa na usubi, yale yanayojaza maji mapafu na kumwua mnyama kwa siku chache, na kuna nagana inayoletwa na mbung'o. Punda huyastahimili maradhi ya usubi vizuri kuliko farasi, maana asili yake ni hapa hapa Afrika. Babu zake ni punda mwitu wa nchi kavu za Uhabeshi, Eritrea na Usomali, na walianza kufugwa yapata miaka 7,000 iliyopita. Mabwana wa Unguja ya zamani walipanda punda weupe wakubwa walioletwa kutoka Maskati, wakatembea nao kwa madaha. Huyo alikuwa punda wa fahari. Mimi nazungumza juu ya yule mwingine, wa mzigo.

Kwa kweli mimi mwenyewe nilijifunza kumtazama punda nilipokuwa Lamu. Marehemu mume wangu alikuwa mtu wa huko, na likizo za Desemba, kila tulipopata nauli, tulikwenda kuwaamkia wazee. Mwenye kufika Lamu hana haja ya kuelezwa punda ni nini. Mji ni wa vichochoro, ukuta kwa ukuta, gari halina pa kupita. Mawe, boriti, saruji, maji na wagonjwa, vyote hupita juu ya mgongo wa punda. Kisiwa kile kina punda kiasi cha 3,000. Ukiwa kichochoroni ukasikia mtu anapiga kelele nyuma yako, husimami kuuliza. Unajibandika ukutani mpaka shogi zilizojaa mchanga zipite.

Pale pwani, mbele ya bahari, kuna zahanati ya punda. Ilifunguliwa mwaka 1987 na mwanamke wa Kiingereza, Elisabeth Svendsen, ambaye miaka miwili kabla yake alikuwa amekwenda Lamu kupumzika, akawaona punda wa mchanga na migongo yao. Kwao Uingereza, huko Devon, mama huyu alikuwa na hoteli. Mwaka 1969 alimnunua punda mmoja, jike lililoitwa Naughty Face, kwa kupenda tu. Kutoka hapo mambo yakamzidi. Mwaka 1974 bibi mwingine aliyekuwa na makazi ya punda alifariki, na wosia uliposomwa ikaonekana kwamba amemrithisha Bi Svendsen punda 204. Hebu fikiri mtu unaletewa barua ya mirathi, unafungua ukitarajia kikombe cha fedha au saa ya ukutani, kumbe umeachiwa punda mia mbili na wanne wenye njaa. Alifariki mwaka 2011, na shirika lake likawa limefika nchi nyingi.

Nilipoingia mara ya kwanza katika zahanati ile, mapema miaka ya 1990, nilitarajia kuona Wazungu wakiwasomea Waswahili khutuba ya huruma. Niliyoyaona ni tofauti. Wenye punda walikuja wenyewe, vijana wa mchanga, wengine hawana viatu, wakapanga foleni na wanyama wao. Punda alinyweshwa dawa ya minyoo, kidonda kikaoshwa, kwato zikapunguzwa, akarudi kazini, na hakuna aliyelipishwa senti. Punda wazee tu, na wale wasiopona, ndio waliobakishwa uani. Tena kila mwaka kulikuwa na mashindano ya punda aliyetunzwa vizuri, na kijana aliyeshinda alitembea Lamu nzima na punda wake kama bwana harusi. Nikatambua kwamba wale vijana hawakuwa wakatili hata kidogo. Walichokosa ni dawa na ujuzi.

Nilipenda kukaa pale asubuhi kutazama. Daktari mmoja aliniona, akaniuliza kama nina punda. Nikamwambia nina wanafunzi sabini wa darasa la nne. Akacheka, akanipa kisu cha kwato nijaribu. Huo ndio ulikuwa mwanzo wa elimu yangu.

Punda wa kwanza alifika shambani mwaka 2004, mume wangu akiwa ameshafariki. Alikuwa punda wa mzee mmoja mchoma chokaa. Vijana wa leo hawajui, lakini zamani nyumba nyingi za Mafia zilijengwa kwa matumbawe. Watu waliyang'oa baharini maji yakitoka, wakayaleta pwani, wakayapanga juu ya magogo, wakachoma siku kadhaa, na chokaa ikapatikana. Bahari iliumia sana kwa kazi hiyo. Mwaka 1995 ikaanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ya kwanza ya namna yake nchini, na uchimbaji wa matumbawe ukakatazwa. Nilifurahi kwa ajili ya samaki. Lakini katika mikutano yote ya kueleza faida za hifadhi, wavuvi walizungumziwa, wachoma chokaa walizungumziwa kidogo, na punda wa wachoma chokaa hakutajwa na mtu. Sisemi hivyo kwa kulaumu, nani angemkumbuka? Mzee yule alihangaika naye miaka kadhaa, akisomba mchanga na kuni, hata nguvu zikamwisha mwenyewe. Siku aliponiletea kamba alisema, “Mwalimu, mchukue. Mimi sina kazi naye, naye hana kazi nami.”

Tulimwita Chokaa. Jicho moja lilikuwa limeungua na kuwa jeupe kama lulu. Mguu wa nyuma ulikuwa na kovu la waya aliofungiwa zamani, na mgongoni pale shogi zinapokalia manyoya yaliota meupe, kama kila punda aliyepata vidonda vya kurudia. Lakini kilichonisikitisha zaidi ni kwato. Kwato za punda ziliumbwa kwa nchi ya mawe, zikue huku zikisagika. Kwenye mchanga laini na udongo wa maji kama wetu hazisagiki. Hukua zikapinda juu kama ncha za makubadhi ya harusi, na mnyama hutembea juu ya visigino. Ilinichukua miezi minne kuzirudisha, kidogo kidogo, maana ukikata nyingi kwa siku moja unamkata na mishipa. Mwezi wa nne alikimbia. Alikimbia hatua kama ishirini tu, akasimama, akatazama nyuma kama mtu aliyesikia ameitwa.

Wa pili alikuja mwaka 2008, jike dogo la kijivu lililokuwa likivuta mkokoteni wa mbata. Tajiri wake alinunua pikipiki ya kuvuta tela, na kwa hesabu za biashara hakukosea; pikipiki haili siku isiyofanya kazi. Tulimwita Kibibi. Yeye na Chokaa walipendana siku ileile. Punda ndivyo walivyo, huchagua mwenzi, si lazima wa ndoa, wakawa hawaachani. Wanakula pamoja, wanasimama kichwa kwa mkia kila mmoja akimfukuzia mwenziwe nzi. Ukitaka kumhamisha mmoja lazima uwahamishe wote wawili.

Kazi ya kila siku si ya kusimuliwa sana. Alfajiri, baada ya sala, nawasikia wananiita, na mlio wa punda hauhitaji sifa zangu. Sura ya Luqman imeshautaja miongoni mwa sauti zisizopendeza. Nafungua banda. Nachota maji, na yawe safi, maana punda atakaa na kiu kuliko kunywa maji yenye uchafu. Natazama macho, pua, kwato. Wakati wa masika hawatoki mpaka mvua ikatike, kwa sababu manyoya yao hayana mafuta ya kuzuia maji kama ya farasi, wanaloa mpaka ngozini na kifua kinashika. Chakula chao ni majani makavu na mabua, na mashudu kidogo kwa wadhaifu. Watu huniletea ugali uliobaki na maembe yaliyoiva sana, na inabidi nikatae kwa adabu. Tumbo la punda ni la nchi ya ukame. Ukilijaza utamu kwato hupata joto na mnyama hawezi kusimama.

Mzee akipungukiwa na meno kazi huzidi. Majani lazima yakatwe vipande vifupi sana na kuloweshwa, la sivyo hutafuna, hutema vidonge vya majani, na hukonda mbele ya chakula. Nina panga moja ninalolitumia kwa kazi hiyo tu, na wajukuu wamekatazwa kuligusa.

Na ule ubishi wa punda, uliopata sifa dunia nzima, naona umeelezwa vibaya. Farasi akiogopa hukimbia. Punda akiogopa husimama afikiri. Ukimpiga wakati anafikiri unamwongezea la kufikiria. Nimekuwa na wanafunzi wa namna hiyo, na baadhi yao leo ni watu wakubwa. Halafu, mtu aliyeupa ugonjwa wa kukakamaa jina la pepopunda, sijui alimwonea nini mnyama huyu. Viini vya ugonjwa huo vimo katika udongo na samadi, na punda mwenyewe hufa nao kama sisi. Mimi huchanjwa, nao huchanjwa daktari wa mifugo anapopatikana.

Sasa nifike kwenye neno ambalo majirani wamenieleza miaka yote hii, wengine kwa mzaha na wengine kwa uchungu. Mama mmoja, jirani yangu wa ukuta, alinijia asubuhi moja nikiwa nakata majani ya Chokaa. Akaketi, akatazama kwa muda, akasema, “Mwalimu, usinifahamu vibaya. Mtoto wangu kaenda shule bila daftari, na wewe unamtafunia punda.”

Sikuwa na jibu la kumshinda, na sikulitafuta. Daftari lilipatikana siku ile, lakini daftari moja si jibu la maneno kama yale. Wako wanaonitetea kwa kusema kwamba samadi ya punda inastawisha bustani za mchicha za kina mama, na ni kweli, huja na viroba vyao kila Ijumaa. Sipendi kuitumia hoja hiyo. Nikiikubali, nimekubali kwamba punda anastahili kula kwa sababu anatoa kitu, na siku atakayekuwa hana samadi ya kutosha nitakuwa sina la kumtetea. Wengine wanaitaja hadithi ya yule mwanamke aliyemfungia paka bila chakula wala kumwachia atafute, akapata adhabu. Hiyo naiheshimu, lakini hata hiyo inanihusu mimi na Mola wangu. Haimwelezi jirani yangu kwa nini majani yanakatwa na daftari halipo.

Nilichomwambia ni hiki. Mwaka 2016 mimi nilistaafu, na serikali ikanipa fedha zinazoitwa kiinua mgongo. Jina hilo lina maana. Mtu ameinama miaka mingi juu ya kazi, sasa anasaidiwa kujiinua. Hakuna aliyeniuliza nitafundisha nini tena ili nistahili. Zile fedha ni deni, zililipwa kwa kazi iliyokwisha. Basi katika kisiwa hiki nyumba za mawe zina chokaa, na chokaa ile ilipita juu ya mgongo ulio mbele yetu. Nyumba ya jirani yangu mwenyewe ina ukuta wa chokaa. Punda hakulipwa. Mzee aliyemtumia alikuwa masikini na hana cha kulipa, name nina shamba. Mama yule alinisikiliza akasema, “Sawa, lakini deni la mtoto nani atalilipa?” Akainuka, akaenda zake. Tumeendelea kuwa marafiki, na swali lake limeendelea kuwapo.

Lilirudi kwa nguvu mwaka 2018. Wakati ule ngozi za punda zilikuwa zimepanda bei bara. Huko China huzichemsha wakapata gundi inayoitwa ejiao, nayo hutumika kama dawa na kama kipodozi. Uchina wenyewe ulikuwa na punda kiasi cha milioni 11 mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wakapungua mno, na wanunuzi wakageukia Afrika. Kwetu vilifunguliwa viwanda vya kuchinja Dodoma na Shinyanga. Kenya vilikuwa vinne, na kwa sensa za huko punda wa Kenya walioelekea milioni 1.8 mwaka 2009 walikuwa kiasi cha milioni 1.2 tu mwaka 2019. Mahali pengi mtu alilala na punda wake, akaamka akakuta mzoga uliochunwa porini. Punda huzaa polepole, mimba yake ni mwaka mzima na zaidi, na mtoto ni mmoja. Biashara ya namna hiyo haina kesho.

Mnunuzi aliyefika kwangu alikuwa kijana wa bara, mwenye adabu, aliyenipa shikamoo na kukaa mkekani. Alitoa laki mbili na nusu kwa kila punda. Nilikuwa nao watano. Milioni moja na robo, fedha taslimu, na gharama za kuwavusha Nyamisati juu yake. Hakuulizia hata umri, maana ngozi ya mzee na ya kijana huchemka vilevile.

Mjukuu wangu, niliyemlea tangu mama yake alipofariki, alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa na miaka kumi na minane, amepata nafasi katika chuo cha ufundi, na ada ilikuwa haijapatikana. Kiinua mgongo changu kilikuwa kimeshakwenda kwenye bati la nyumba na kwenye maradhi ya dada yangu. Kijana yule wa ngozi alipotaja bei, mjukuu wangu hakusema neno. Alinitazama tu.

Nilikataa. Mgeni akamaliza chai yake, akashukuru, akaondoka.

Usiku mjukuu wangu alisema, “Bibi, wale punda wangenisomesha, na bado wangebaki fedha za kununua ng'ombe.” Nikamwambia ni kweli. Nikamwambia pia kwamba mimi sikuwapokea wale wanyama kwa wenyewe ili niwauze kisu kingine, na kwamba ada ataipata, lakini sitamdanganya kwamba ataipata mwaka ule. Sikumwambia kwamba ataelewa akikua. Maneno hayo niliambiwa sana utotoni na hayakunisaidia. Niliuza nazi za mavuno mawili kabla hazijaangushwa, nikaingia upatu wa kina mama, na mwaka uliofuata akaenda chuo. Amepoteza mwaka mmoja wa maisha yake, na ninayeujua uzito wake ni mimi niliyemwona akipakia kokoto kwenye magari Kilindoni wakati wenziwe wako darasani. Kwa muda wa miezi kadhaa alinijibu kwa heshima zote, kama mtu anavyomjibu mkuu wa ofisi.

Sheria zilikuja nyuma. Kenya walisimamisha uchinjaji mwaka 2020, mahakama ikautengua uamuzi ule mwaka uliofuata. Desemba 2021 serikali yetu ikapiga marufuku kuchinja punda kwa biashara ya ngozi. Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikutana Addis Ababa wakakubaliana kusimamisha biashara hiyo barani kote kwa miaka 15. Niliisikia habari ile redioni nikiwa bandani. Sikuwa na wa kumweleza ila wao, nao walikuwa wakila.

Chokaa hakuwahi kuisikia. Alikufa kipupwe cha mwaka 2019, kwa kadiri yangu akiwa na miaka thelathini. Usiku alilala, asubuhi hakuinuka. Nilikaa naye mpaka pumzi ikakatika, yapata saa mbili. Vijana wa jirani walikuja na majembe, watu wema, wakataka tuchimbe upesi kabla ya jua kuwa kali. Nikawaomba wangoje mpaka alasiri. Waliona nimechanganyikiwa kwa majonzi, na mmoja akaniambia kwa upole, “Bibi, huyu ni mnyama, kuchelewesha hakuna faida.”

Faida ipo, niliifahamu kutoka Lamu. Punda akiondolewa mwenziwe ghafla, humtafuta. Huita, huzunguka, huacha kula. Na punda akiacha kula, mafuta ya mwilini huyeyuka na kumiminika katika damu kuliko ini linavyoweza kuyamudu, na kwa siku chache naye hufa. Lakini ukimwacha akae na maiti, amnuse, amalize mwenyewe, aghalabu huokoka. Basi tukakaa chini ya mnazi, mimi na vijana wanne na majembe yao, tukamtazama Kibibi.

Kwanza alimsukuma Chokaa kwa pua, begani, kama alivyokuwa akimwamsha kila siku. Akangoja. Akamsukuma tena. Kisha akainama akamnusa kuanzia masikio mpaka kwato, kila kwato, bila haraka. Akalia mara moja, mlio mrefu ambao katikati ulikatika. Baada ya hapo akasimama tu juu yake, kichwa chini, saa tatu au zaidi. Nzi walipokuja, alizungusha mkia kumfukuzia. Vijana waliokuja wakitaniana walinyamaza. Yule aliyeniambia hakuna faida aliweka jembe chini, akavua kofia, akaishika mkononi.

Jua lilipopinda Kibibi aliinua kichwa, akaondoka mwenyewe, akaenda kwenye kivuli cha mkorosho. Tukachimba. Shimo la punda ni refu. Tulimaliza jua likizama.

Siku ya kwanza hakula, wala ya pili. Nilihamishia mkeka wangu bandani, nikamkatia majani mabichi mafupi, nikamwekea maganda ya ndizi mkononi, kitu ambacho kwa kawaida simpi. Siku ya tatu alfajiri nilisikia kitu kinatafunwa karibu na sikio langu. Alikuwa anakula mkeka. Nilimwacha akaule.

Kibibi bado yupo. Amepata mwenzi mwingine, dume la makamo lililokuja kutoka upande wa Baleni, na ni mkorofi kwa jike hilo kuliko Chokaa alivyokuwa, lakini hawaachani. Barabara ya Utende sasa ni ya lami, bodaboda zimejaa, na naona punda wa mwisho wa mizigo kisiwani hawako mbali kunifikia. Kuhusu nani atawakata majani nikiwa sipo, sina wosia kama wa yule bibi aliyemrithisha Bi Svendsen, na sithubutu kumrithisha mtu mzigo ambao hakuuomba.

Mjukuu wangu anafanya kazi ya umeme wa jua Dar es Salaam, anakaa Mbagala. Wiki iliyopita alinipigia simu. Aliuliza habari za mvua, akauliza habari za goti langu, kisha akasema yuko dukani Kariakoo, mbele ya tupa za aina mbili, na anataka kujua ya kunolea kwato ni ipi, hii fupi au hii ndefu. Nikamwambia achukue ile ndefu, na ahakikishe ina mpini.